Uchoraji wa Papo kwa Papo Ulaya Baada ya Vita: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huja kila mara mtu anapokutana kwa mara ya kwanza na turubai za Wols, Hartung, Mathieu na wenzao. Mengine huulizwa kwa udadisi, mengine kwa kejeli. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Huu ni uchoraji gani hasa?

Ni uchoraji dhahania uliostawi Ulaya Magharibi kuanzia 1945 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Paris ikiwa kitovu chake. Humo hutaona mtu, mti wala meza. Utaona alama za mkono wa mchoraji: mkwaruzo, doa, mchirizi, rangi iliyorundikwa kwa kisu hadi ikatokeza nje ya turubai. Utaratibu wa zamani wa kuchora kwanza kwa penseli, kisha kujaza rangi taratibu, uliwekwa kando. Picha ilitakiwa izaliwe palepale, mbele ya turubai.

Mbona ina majina mengi?

Wahakiki waligombania kuibatiza. Mwaka 1947 Georges Mathieu na wenzake walipofanya maonyesho katika nyumba ya sanaa ya Luxembourg mjini Paris, jina lililotembea lilikuwa udhahania wa kishairi. Mwaka 1952 Michel Tapié akachapisha kitabu alichokiita *Un art autre*, yaani sanaa nyingine, na neno lake la informeli, sanaa isiyofungwa na umbo, likashika hadi Ujerumani na Italia. Charles Estienne naye akalipigia debe jina la tashisimu, linalotokana na neno la Kifaransa la doa. Wachoraji wengi hawakulipenda hata moja. Hapa nitasema informeli, kwa kuwa ndilo pana kuliko yote.

Kwa nini ilizuka baada ya vita, na si kabla?

Mbegu zilikuwepo kabla. Hartung alikuwa akifanya madoa dhahania ya rangi za maji tangu 1922, akiwa kijana Ujerumani. Lakini vita ndivyo vilivyoipa sanaa hii sababu ya kusikilizwa.

Chukua mfano wa Jean Fautrier. Mwaka 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata mjini Paris, wakamwachia, naye akakimbilia Châtenay-Malabry, kitongoji cha jiji hilo, akajificha katika kituo cha wagonjwa wa akili. Katika msitu wa jirani Wajerumani walikuwa wakiwapiga risasi mateka. Fautrier hakuona kitu, ila alisikia. Kutokana na hayo akatengeneza mfululizo wa *Otages*, yaani Mateka, ulioonyeshwa mwaka 1945 katika nyumba ya sanaa ya René Drouin. Ukizisogelea picha hizo unakuta karatasi iliyobandikwa juu ya turubai, juu yake tabaka nene la uji mweupe uliosukumwa kwa kisu, kisha unga wa pasteli, yaani chaki laini ya rangi, umenyunyizwa juu. Uso wa mtu umebaki uvimbe tu, pengine na mstari mmoja wa pua. Rangi zenyewe ni waridi na kijani, karibu ziwe za upole. Mwandishi André Malraux, aliyeandika utangulizi wa maonyesho hayo, alijiuliza kama rangi nyororo hivyo zinastahili mbele ya maiti. Swali hilo bado ni zuri. Maoni yangu ni kwamba zingekuwa nyeusi na nyekundu ya damu tungeshazisahau, maana tungejua mapema tunatakiwa kuhisi nini.

Kwa Wajerumani kulikuwa na sababu nyingine. Wanazi walikuwa wameitangaza sanaa ya kisasa kuwa uchafu, wakaifanyia maonyesho ya kuizomea mjini Munich mwaka 1937. Baada ya 1945, kuchora picha isiyoonyesha shujaa, mkulima wala familia yenye afya kulikuwa ni kukataa waziwazi kazi ambayo picha zilikuwa zimetumwa kuifanya. Na udhahania wa mistari iliyonyooka na miraba, ulioheshimika kabla ya vita, kwa wengi ulianza kuonekana msafi mno kwa ulimwengu uliobomoka.

Wols alikuwa nani, na kwa nini jina lake hutajwa kwanza?

Jina lake kamili ni Alfred Otto Wolfgang Schulze. Alizaliwa Berlin mwaka 1913, akakulia Dresden, akahamia Paris mwaka 1932 na kuishi kwa kupiga picha za kamera. Vita vilipoanza, Wafaransa walimfungia kambini kama raia wa nchi adui, ingawa alikuwa ameikimbia nchi hiyo kwa hiari yake. Huko kambini alichora kwa wino na rangi za maji kwenye vikaratasi vinavyoenea kiganjani: miji iliyoota mizizi, wadudu, mashua, vitu ambavyo ukivikazia macho vinageuka kitu kingine.

Baada ya vita, Drouin alimpatia turubai na rangi za mafuta. Maonyesho ya 1947 yalikuwa na picha zipatazo 40. Wols alikamua rangi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, akaikwaruza kwa vidole, akaiinamisha turubai ili rangi itiririke itakako. Mara nyingi katikati kuna kitu kama jeraha ambalo kila mstari unalikimbia. Mathieu alitoka pale akiamini kwamba baada ya Wols uchoraji unapaswa kuanza upya kabisa.

Wols mwenyewe hakuishi kuona jina lake likikua. Mwili ulikuwa umeshachoshwa na ulevi, na mwaka 1951 akafa kwa kula nyama iliyoharibika, akiwa na umri wa miaka 38. Kwangu mimi ndiye mkubwa kuliko wote katika kundi hili, na ni mkubwa zaidi katika vile vikaratasi kuliko kwenye turubai.

Je, ni kweli walichora bila kupanga?

Hili ndilo swali lenye nyama, na jibu linatofautiana mchoraji kwa mchoraji.

Tuanze na Hans Hartung, mzaliwa wa Leipzig aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935, akajiunga na Jeshi la Kigeni la Ufaransa na kupoteza mguu katika mapigano ya Belfort mwaka 1944. Turubai zake za miaka ya 1940 na 1950 zina michirizi meusi mirefu iliyoonekana kutupwa kwa pumzi moja. Watazamaji na wahakiki waliamini hivyo. Kumbe nyingi kati ya hizo zilinakiliwa. Hartung alichora haraka kwenye karatasi ndogo, akachagua chache alizoziona zimefaulu, akazipiga miraba, kisha akazihamishia kwenye turubai kubwa mraba kwa mraba, akiiga hata pale brashi ilipokwaruza kwa kukosa rangi. Kulikuwa na sababu ya kawaida kabisa: rangi na turubai ni ghali, na mtu maskini hawezi kuharibu turubai kumi ili apate moja. Ni kufikia 1960 hivi ndipo alipoanza kufanya moja kwa moja kwenye turubai, na hapo akabuni vifaa vyake mwenyewe. Alitumia mafagio, matawi ya miti, brashi pana zilizotengenezwa kwa kipimo chake, na hata pampu ya kunyunyizia dawa mashamba ya mizabibu.

Wapo wanaosikia habari hii wakasema wametapeliwa. Sioni utapeli. Mwendo wa mkono ulikuwa wa kweli kwenye karatasi. Turubai ni shahidi wa pili. Ila inatulazimu tuache ile hadithi ya msanii aliyepagawa.

Sasa mtazame Karl Otto Götz wa Frankfurt, aliyekuwa upande wa pili. Yeye alichora haraka kwelikweli. Mwaka 1952, akimtengenezea mtoto wake rangi za gundi, aligundua jinsi rangi inavyoteleza juu ya uji wa gundi ya karatasi za ukutani. Akaichukua mbinu hiyo. Turubai ililazwa sakafuni na kupakwa gundi, halafu yakafuata mapigo matatu. La kwanza, brashi pana yenye rangi nzito. La pili, kifaa chenye ukingo wa mpira, jamii ya kile cha kufutia maji ya dirishani, kilichopita katikati ya rangi na kuing'oa, kikaacha njia nyeupe. La tatu, brashi kavu iliyounganisha weusi na weupe pale vilipogombana. Yote hayo huenda yakamalizika kwa sekunde chache. Isipompendeza, alifuta akaanza tena. Na kabla ya kugusa turubai alikuwa ameshafanya majaribio mengi kwenye karatasi. Ni sawa na mpiga ngoma: mikono inakwenda yenyewe kwa sababu imefunzwa miaka mingi, si kwa sababu haijafunzwa.

Kwa hiyo usipime picha hizi kwa saa. Kasi ilikuwa njia ya kulizuia jicho lisianze kurekebisha na kupamba. Maandalizi yalifanyika kabla, na uamuzi mgumu ulikuja baada: ipi ibaki, ipi itupwe.

Georges Mathieu alikuwa mchoraji au mwigizaji?

Vyote viwili, na hakuona aibu. Mwaka 1954 alichora *Les Capétiens partout*, turubai yenye upana wa mita 6 na kimo kinachokaribia mita 3, kwa muda wa saa 1 na dakika 20. Leo imo katika hazina ya Centre Pompidou, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Paris. Mwaka 1956 alipanda jukwaani katika ukumbi wa Sarah-Bernhardt mjini Paris na kuchora turubai ya mita 4 kwa 12 mbele ya watu wapatao 2,000, akimaliza tyubu za rangi zipatazo 800. Turubai hiyo iliteketea kwa moto mwaka 1968. Mwaka 1957 alikwenda Japani, akachora hadharani amevaa kimono. Picha zake alizipa majina ya vita na wafalme wa zama za kati, jambo lililowachekesha wengi, maana hakuna farasi wala mkuki unaoonekana.

Malraux alimwita mwandishi wa hati wa Magharibi, na sifa hiyo ina mashiko. Anayejua jinsi khati ya Kiarabu inavyosukwa hadi maneno yasisomeke kirahisi ataelewa alichokuwa akikitafuta: alama iliyo na nguvu kabla haijawa na maana. Tatizo ni kwamba Mathieu aliupata mtindo wake mapema mno kisha akaurudia miaka na miaka. Serikali ilimpenda. Alichora matangazo ya Air France, akasanifu sarafu ya faranga 10 iliyotolewa mwaka 1974. Mfaransa asiyewahi kukanyaga jumba la makumbusho alitembea na kazi ya Mathieu mfukoni.

Pierre Soulages naye yumo?

Mchoraji huyu Mfaransa huwekwa humo, ingawa yeye alipinga. Alisema hachori mwendo wa mkono wala hisia zake. Anapanga maumbo ya weusi ili mwanga upite. Kuanzia 1947 alitumia rangi ya maganda ya jozi ambayo maseremala hupakia samani, na brashi za wapaka majengo. Mwaka uliofuata akajaribu lami juu ya vipande vya vioo. Picha zake hazina majina, zina vipimo na tarehe tu. Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 102.

Kobra ni nini, na je, kulikuwa na Mwafrika?

Kobra, au CoBrA, kilikuwa kikundi kilichoundwa mwezi Novemba 1948 katika mkahawa mmoja wa Paris na wasanii wa Copenhagen, Brussels na Amsterdam. Herufi za miji hiyo ndizo zinazounda jina. Wakuu wake ni Asger Jorn, Karel Appel, Constant, Corneille na mshairi Christian Dotremont. Walichora kwa kasi na rangi kali, ila hawakuufuta kabisa umbo: kila mara kuna jicho, ndege au mnyama asiyejulikana. Mwaka 1949 Appel alichora ukuta wa kantini ya makao makuu ya jiji la Amsterdam, watoto wenye macho makubwa wakiuliza. Wafanyakazi wakalalamika kwamba chakula hakishuki mbele ya picha hiyo, ikafunikwa kwa karatasi kwa miaka kama 10. Kikundi chenyewe kilivunjika mwaka 1951.

Na ndiyo, Mwafrika alikuwepo. Ernest Mancoba alizaliwa Johannesburg mwaka 1904, akaanza kama mchongaji, na mwaka 1938 akaondoka Afrika Kusini kwenda Paris. Wajerumani walipoingia Ufaransa walimfunga katika kambi ya Saint-Denis kama raia wa himaya ya Uingereza, na humohumo kambini, mwaka 1942, akafunga ndoa na mchongaji wa Denmark, Sonja Ferlov. Walihamia Denmark mwaka 1947, na mwaka uliofuata wakaonyesha kazi pamoja na Wadenmark waliokuwa wakiingia Kobra.

Miongo kadhaa vitabu vya historia ya Kobra vilimruka. Wengine walimtaja kama mume wa Ferlov, ikaishia hapo. Uzeeni alieleza wazi kwamba katika kundi lile alichukuliwa kama mtu asiyeonekana. Alifariki Ufaransa mwaka 2002, na Centre Pompidou ilimfanyia maonyesho mwaka 2019. Ubaya wa kumruka si udhalimu pekee, ni hasara ya macho. Katika turubai zake za baadaye kuna umbo moja limesimama katikati, limefumwa kwa mapigo mepesi ya brashi yenye nafasi nyeupe kati yake. Ukilikaribia linatawanyika kuwa alama tupu, ukirudi nyuma linakuwa mtu. Wenzake wa Kobra walipiga kelele. Yeye alinong'ona, na kwa jicho langu kazi yake imezeeka vizuri kuliko nyingi za kwao.

Wanawake walikuwa wapi?

Walikuwepo, ila picha za pamoja za magazetini zilijaa wanaume wenye tai. Mtazame Judit Reigl wa Hungaria. Alitoroka nchi yake baada ya kushindwa mara kadhaa, akafika Paris mwaka 1950. Katika mfululizo wa *Éclatement*, yaani Mlipuko, wa miaka ya 1950 aliitupa rangi nzito kwa mkono katikati ya turubai, kisha akaikwangua kuelekea pembeni kwa chuma kilichopindwa, kikiwemo kipande cha fimbo ya pazia. Turubai zilizoharibika hakuzitupa. Alizitandika sakafuni ili zipokee matone ya kazi nyingine na kukanyagwa, na baada ya miaka akazikwangua zikawa mfululizo mpya alioupa jina la *Guano*, mbolea ya kinyesi cha ndege. Kwa nguvu na kwa mbinu simwoni aliyemzidi, na bado utakuta kitabu kizima cha informeli kisichomtaja.

Si waliwaiga tu Wamarekani?

Hapana. Fautrier na Wols walionyesha kazi zao mwaka 1945, wakati Paris haikuwa ikimjua mchoraji wa Marekani Jackson Pollock. Pande mbili zilikutanishwa rasmi mwezi Machi 1951, Tapié alipotundika Pollock na de Kooning pamoja na Wols, Hartung, Mathieu na Mkanada Riopelle katika nyumba ya sanaa ya Nina Dausset. Tofauti inaonekana kwa macho. Wamarekani walitanua turubai hadi ikuzunguke. Wa Ulaya wengi walibaki na picha unayoweza kuibeba chini ya kwapa. Baadaye kweli upepo ulitoka Marekani, hasa baada ya maonyesho ya *The New American Painting* kuzunguka miji minane ya Ulaya mwaka 1958 na 1959.

Nasikia mambo ya CIA. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake. Congress for Cultural Freedom, shirika lililofadhili majarida, mikutano na shughuli za sanaa Ulaya, lilikuwa likipokea fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na siri hiyo ilifichuka katikati ya miaka ya 1960. Uhuru wa mchoraji wa Magharibi ulifaa kutupiwa Wasovieti usoni kama hoja. Lakini fedha hizo hazikumwambia Fautrier asikie risasi msituni.

Mfano wenye uchungu zaidi uko Hispania. Serikali ya kidikteta ya Franco ilipeleka wachoraji wa informeli kwenye maonyesho ya Venice mwaka 1958, akiwemo Antoni Tàpies wa Barcelona, wakarudi na tuzo. Turubai isiyosema neno ilimfaa dikteta aliyetaka kuonekana wa kisasa. Baadhi ya wachoraji walilitambua hilo, wakakataa kuonyeshwa tena kwa jina la serikali.

Mwanangu wa chekechea si anaweza kuchora hivi?

Doa moja, ndiyo. Hata sokwe aliweza. Mwaka 1957 picha za sokwe mmoja aliyeitwa Congo, aliyefunzwa na mtaalamu wa wanyama Desmond Morris, zilionyeshwa mjini London, na Picasso alikuwa na moja. Mwaka 2005 tatu ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 14,000.

Ila fanya jaribio. Mpe mwanao karatasi 20, kisha jaribu kuchagua moja unayoweza kuishi nayo ukutani mwaka mzima. Utakuta mtoto anaendelea kupaka hadi kila kitu kinakuwa rangi ya tope, kwa sababu kuacha hakumhusu. Kujua pa kuachia ndiko walikokusotea kina Götz.

Kwa nini ilififia?

Ilifanikiwa kupita kiasi. Kufikia maonyesho ya Documenta ya 1959 mjini Kassel, udhahania ulikuwa umekuwa sheria, na mwaka 1960 Fautrier na Hartung walipewa tuzo kuu Venice. Mahali pote palijaa wanafunzi waliorusha rangi kwa adabu. Mswisi Jean Tinguely aliwamaliza kwa kicheko: mwaka 1959 alionyesha Paris mashine zake za Méta-matic, zilizochora picha za informeli zenyewe. Mtazamaji alifunga kalamu, akawasha mashine, akaondoka na mchoro wake. Mwaka 1964 tuzo kuu ya Venice ikaenda kwa Mmarekani Robert Rauschenberg, na macho ya watu yakahamia kwenye chupa, magazeti na matangazo.

Mbinu zenyewe hazikufa. Götz alifundisha katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf kuanzia 1959, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Gerhard Richter na Sigmar Polke. Ukiona turubai kubwa za Richter zilizoburutwa rangi kwa ubao mrefu, unajua mwalimu wake alikuwa akishika nini mkononi.

Niende wapi kuziona, na nizitazame vipi?

Kwa safari moja ungeenda Centre Pompidou, ila majengo yake ya Paris yalifungwa mwaka 2025 kwa ukarabati wa miaka kadhaa. Soulages ana makumbusho yake Rodez, yaliyofunguliwa mwaka 2014. Hartung na mkewe Anna-Eva Bergman wana nyumba yao Antibes. Kobra wako Amstelveen, nje kidogo ya Amsterdam. Emil Schumacher, mchoraji wa informeli wa Ujerumani, yuko Hagen.

Ukifika, usianze kwa kutafuta inafanana na nini. Sogea karibu, kadiri mlinzi atakavyokuruhusu, utafute ni alama ipi iko juu ya ipi. Tazama kingo: rangi imekatwa na ukingo au imegeuka kabla ya kuufikia? Tafuta pahali brashi ilipokauka. Mbele ya Hartung wa miaka ya 1950 fanya zaidi ya hapo: fuata mchirizi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, uone kama umechorwa kwa mkupuo au umejazwa polepole. Kwenye baadhi ya turubai unaweza kuuona ule upolepole kwa macho yako mwenyewe.